Nani Huyu? Mchezo wa Jumamosi na Adabu ya Kuuliza

Kila Jumamosi baada ya sala ya Isha, vyombo vikiisha kuoshwa, simu zetu huanza kulia. Sisi ni marafiki saba tuliosoma madrasa moja utotoni. Leo wanne wetu wako Mombasa, wawili Lamu, na mmoja amefuatana na mumewe Maskati. Kukutana uso kwa uso kumekuwa adimu, basi tumejiwekea baraza yetu katika kundi la WhatsApp. Mmoja huandika, "Kitendawili!" Wengine hujibu, "Tega!" Mtegaji huwa ameficha moyoni jina la mtu mashuhuri, nasi tuna maswali ishirini ya kumtafuta. Jibu ni moja kati ya mawili: naam, au la. Tukishindwa humpa mji, kama walivyofanya wazee wetu katika vitendawili vyao, naye ndipo hulifichua jina.

Hapana dau wala pesa katika mchezo huu, kwa hiyo hauingii katika kamari. Wala kufundisha kwa fumbo si jambo geni kwetu. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba juu ya mti usiopukutisha majani, ulio mfano wa Muislamu. Watu wakawaza miti ya majangwani. Abdullah bin Umar, aliyekuwa kijana mdogo, alitambua kuwa ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Baadaye baba yake alimwambia kwamba angalipenda sana kama angalilisema jibu lile.

Hata hivyo, jambo la halali laweza kuharibiwa na namna ya kulitenda, na hayo yalitufika sisi wenyewe.

Jumamosi moja mtegaji alificha jina la mwimbaji aliye hai. Maswali ya mwanzo yalikuwa ya kawaida. Kisha mmoja wetu akauliza, "Ameachika?" Akajibiwa, "Naam." "Mara moja?" "La." Kicheko kikaingia. Tukaziacha nyimbo za yule mwimbaji, tukaingia nyumbani mwake. Kila mmoja akaleta alilolisikia: nani alimwacha, kwa sababu gani, na nani alisema nini. Mchezo ulipokwisha tuligundua kwamba tumebaki sita. Mwenzetu mmoja alikuwa ametoka kundini bila ya kuaga. Ndipo tulipokumbuka, kwa aibu kubwa, kwamba alikuwa hajamaliza eda ya talaka yake.

Asubuhi yake wawili wetu tulikwenda kumtazama. Alitupokea vizuri, akatuandalia chai. Tulipomwomba radhi alisema, "Sikukasirika, mashoga zangu. Nilijiuliza tu: siku nisipokuwapo barazani, mwauliza nini juu yangu?"

Hatukuwa na jibu. Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu amekataza kusengenyana, akakufananisha na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Sote tuliihifadhi aya hiyo tukiwa wadogo. Tulidhani, bila ya kusema, kwamba mtu akiwa mashuhuri heshima yake imekuwa mali ya umma. Sivyo. Umashuhuri haumvui mtu sitara yake.

Tangu siku hiyo tumejiwekea masharti matatu. Kwanza, maswali ni juu ya amali ya mtu: aliandika nini, alijenga nini, alifundisha nini. Ya ndani ya nyumba yake hayaulizwi. Pili, jina likifichuliwa, mtegaji hueleza faida moja ya kupata kwa mtu huyo. Tatu, watoto wakiwapo, wao huuliza kwanza, ili asiwepo mwenye kujua akanyamaza kwa haya.

Mwenzetu alirudi kundini, alhamdulillahi, na zamu yake ikafika. Usiku huo wanetu walikuwa nasi, wakituma maswali yao kwa sauti. "Ni mwanamume?" "La." "Yu hai?" "La." "Ni wa pwani yetu ya Afrika Mashariki?" "Naam." Binti mmoja akadakia, "Siti binti Saad!" Dhana yake haikuwa mbaya, kwani Siti, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Lakini jibu lilikuwa la. "Aliandika?" "Naam." "Aliandika magazetini?" "La." "Aliwaandikia wanafunzi?" "La." Watoto wanaotaja wachezaji wa timu nzima ya Uingereza pasipo kukosea wakaishiwa na maneno. Nasi mama zao pia tulinyamaza.

Maswali ishirini yalipomalizika, nyanya wa nyumba moja, aliyekuwa akisikiliza huku akichambua mchele, alisema, "Huyo si Mwana Kupona? Mama yangu akinisomea utendi wake nikisukwa nywele."

Naam, alikuwa Mwana Kupona binti Mshamu, wa Pate. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, akiwa mgonjwa, Mwana Kupona alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa nasaha juu ya dini, adabu na maisha ya nyumbani. Ndio huo unaosomwa mpaka leo.

Mwenzetu alipotimiza sharti la pili, sauti yake ilitetemeka kidogo: "Faida yangu ni hii. Nilitaka binti yangu ajue kwamba mama asiye na mume bado ana la kumwachia mwanawe."

Kwa kuwa nyanya hakuwa mchezaji, tulihesabiwa kuwa tumeshindwa, tukadaiwa mji. Mwenzetu alichagua Siyu, nasi tukampa.

Wazazi wenzetu, mchezo huu hauhitaji gharama. Waketisheni wana pamoja na nyanya na babu zao, jamaa walio mbali wakiwa simuni, mfiche jina la mtu aliyetenda jema. Kisha sikilizeni maswali yatakayoulizwa, yenu na ya wana, kwani humo ndimo mtakamojua nyoyo zetu zimezoea kutafuta nini kwa watu.