Mboji ya Nyumbani: Rutuba Tunayoitupa Jaani

Katika miaka ya 1890 waliletwa Unguja kunguru kutoka Bara Hindi, kwa matumaini ya wakubwa wa wakati ule kwamba ndege hao wangezila taka zilizozagaa vichochoroni. Lakini kunguru, badala ya kuumaliza uchafu, walizaana, wakavuka bahari, wakaenea katika miji ya pwani yote, na hata leo hakuna mfuga kuku asiyewalaani kwa vifaranga wanavyomnyakulia. Nimekitaja kisa hicho kwa sababu tangu zama hizo tumezoea kuihesabu taka kuwa ni mzigo wa kuondolewa na mwingine, awe kunguru, awe msukuma mkokoteni, liwe lori la manispaa liendalo jaa la Pugu Kinyamwezi, ilhali zaidi ya nusu ya takataka zitokazo majumbani mwetu ni maganda, mabaki ya mboga, machicha ya nazi na majani, yaani vitu vilivyotoka ardhini na ambavyo ardhi ingali ikivihitaji.

Na ardhi ya pwani inavihitaji kuliko nyingine nyingi. Kwingi ni kichanga kitupu au udongo haba uliolala juu ya mawe ya matumbawe, na mvua ikinyesha, hata iwe kubwa namna gani, maji hupenya yakatokomea chini pamoja na chakula cha mimea, hata mchicha uliomwagiliwa asubuhi ukawa umenyauka kabla ya adhuhuri. Mboji, ambayo ni mabaki ya mimea yaliyooza yakakamilika, huushikamanisha mchanga, huyazuia maji yasiondoke, na huiachia mizizi chakula kidogo kidogo. Pamoja na hayo, desturi iliyoenea mitaani ni kufagia uwanja alfajiri, kuyakusanya majani ya mwembe na mkungu, kisha kuyatia kiberiti. Na katika moshi ule uchomao macho ya watoto na wazee huruka karibu nitrojeni yote iliyokuwamo, pasibaki ila majivu machache. Kwa maoni yangu, katika hasara zote tunazojitia kwa mikono yetu wenyewe uwanjani, hakuna inayoishinda hii, maana majani makavu ndiyo dawa ya uvundo unaowafanya watu wengi waogope kuweka taka za jikoni karibu na nyumba.

Sababu yake ni sahali kuifahamu. Ndani ya biwi la taka wamo viumbe wasioonekana kwa macho, bakteria na kuvu wasio na idadi, ambao hutaka maji, hewa na chakula. Na chakula chao ni cha namna mbili, kaboni, iliyo nyingi katika majani makavu na vijiti, ambayo huwapa nguvu ya kufanya kazi, na nitrojeni, iliyomo katika maganda mabichi, mboga na samadi, ambayo huijenga miili yao. Wataalamu wamepima wakaona kwamba kazi huenda vyema kaboni ikiwa takriban mara 30 ya nitrojeni. Maganda yakiwa peke yake hulowana, hushikana, huikosa hewa, yakachacha na kunuka. Na majani yakiwa peke yake hukaa mwaka mzima bila kubadilika. Mwenye nyumba hana haja ya mizani: kwa kila ndoo moja ya taka mbichi, atie ndoo mbili au tatu za majani makavu.

Maarifa haya si ya jana. Wamatengo wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, kwa zaidi ya miaka 100 wamekuwa wakikata nyasi, wakizipanga chini kwa mistari ya miraba, wakizifukia kwa udongo na kupanda maharage juu yake, na hiyo ndiyo ngoro yao mashuhuri iliyoziokoa ardhi za milimani zisichukuliwe na mvua. Naye Albert Howard, Mwingereza aliyefanya kazi Indore, India, kuanzia 1924 hadi 1931, ambaye kwa insafu alikiri kwamba wakulima wa nchi ile walikuwa walimu wake, alizipanga kanuni za kutengeneza mboji kwa matabaka ya mimea, samadi na udongo, na katika miaka ya 1930 njia yake ikafuatwa katika baadhi ya mashamba ya kahawa ya Kenya na Tanganyika.

Nyumbani, chagua pembe yenye kivuli. Tandika makumbi au vijiti chini ili hewa ipite, juu yake majani, kisha taka za jikoni, kisha majani tena, na tabaka la juu kabisa siku zote liwe la majani, nzi wasipate pa kutua. Machicha, yasipokuliwa na kuku, yasimwagwe mahali pamoja, maana huganda yakachacha. Yatawanywe membamba na kufunikwa papo hapo. Maji yawe ya kadiri: ukifumbata konzi moja ya taka hizo, kiganja kilowe bila maji kuchuruzika. Biwi likifika kimo cha mita moja na upana kama huo, hupata moto wake lenyewe; siku ya tatu au ya nne chomeka nondo katikati, iache robo saa, ichomoe na kuishika, utaikuta ina joto la kukushangaza, kwani ndani hufikia nyuzi 55 hadi 65, kiasi cha kuua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Biwi dogo la watu wachache halipati moto huo, lakini huoza vilevile kwa kukawia.

Nyama, samaki na mafuta huita panya na paka, basi visitiwe, kinyesi cha mbwa na paka kina maradhi, plastiki haiozi. Majivu, ambayo wengi huyamwaga kwa wingi, hapa kwetu yatiwe kwa uchache, kwani ardhi ya matumbawe tayari imejaa chokaa. Biwi likinuka, limekosa hewa: lipindue kwa uma na kuliongezea majani makavu.

Ukilipindua kila wiki moja au mbili na kulinyunyizia maji likikauka, baada ya miezi miwili au mitatu utapata mboji nyeusi, nyepesi, yenye harufu ya udongo ulioonja mvua. Usiwe na haraka, kwani ambayo haijaiva huinyang'anya mimea nitrojeni, majani yakageuka manjano. Ichanganye na udongo wa juu, pale mizizi ilipo. Na kwa kuwa msimu wa maembe huleta maganda tele mwishoni mwa mwaka, biwi lililoanzishwa Desemba huwa tayari masika yanapoingia mwezi wa Machi. Basi, ndugu msomaji, tafuta magunia mawili matatu ya kuwekea majani makavu, uanze kuyajaza tangu sasa.