Shangazi, mimi na intaneti ya nyumbani

Mimi mzima, ila mfuko ndio mgonjwa. Na ugonjwa wenyewe una jina moja tu: bando.

Nyumbani kwetu Tabata tuko watatu, yaani shangazi, binti yake na mimi. Kila mtu na bando lake, na kila bando na tabia ya kuisha siku mbaya. Majuzi binamu yangu aliitwa kwenye usaili wa kazi ya hoteli kwa njia ya video. Kasuka, kavaa blauzi ya kuazima, kakaa kitako. Bosi akamwambia, "Tueleze kidogo kuhusu wewe." Naye akaanza, "Asante sana, mimi naitwa..." Kwishnei! Bando limekata roho. Mtoto wa watu alilia mpaka nikakosa la kumwambia.

Bahati nzuri akapewa nafasi ya pili, wiki mbili mbele. Hapo hapo nikatangaza kwamba tunavuta intaneti ya nyumbani. Shangazi akaruka juu: "Hapana mwanangu! Dude hilo nalijua mimi."

Kumbe mwaka 2002 alikuwa nayo, ile ya kupitia simu ya mezani. Kompyuta inapiga simu, modemu inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ndipo unaingia. Ukishaingia, kila anayekupigia anaambulia mlio wa simu inayotumika. Usiku mmoja marehemu mumewe alikaa saa tatu anasoma barua pepe. Usiku huo huo ndugu walikuwa wanapiga kutoka Tanga kusema bibi yangu, mama yake shangazi, amezidiwa. Habari zilimfikia kesho yake. Alipanda basi, lakini alikuta watu wameshatandika mikeka uani.

Nikanyamaza kwanza. Kisha nikamweleza taratibu kwamba siku hizi haiko hivyo. Modemu zile mwisho wake ulikuwa kilobiti 56 kwa sekunde, kwa hiyo wimbo mmoja wa megabaiti 4 ulikula karibu dakika 10. Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Ukiwa na megabiti 20 kwa sekunde, wimbo ule ule unashuka chini ya sekunde 2, na simu ya mtu haiguswi.

Basi nikaanza kuwinda. Kampuni ya kwanza ikanipa megabiti 50, ya pili 20, bei zile zile. Mimi kijana wa mjini macho yote kwenye 50! Shangazi akauliza swali moja tu: "Ikikatika saa nne usiku, nani anapokea simu?"

Usiku huo, saa nne kamili, tukapiga huduma kwa wateja. Wale wa 50 walitupigia muziki dakika 23, halafu simu ikakata yenyewe. Wale wa 20, mlio wa tatu tu, dada mmoja mwenye sauti ya usingizi akaitika. Asubuhi tukawauliza na majirani: mnatumia ya nani, inakatika mara ngapi? Jibu likawa lile lile. Tukachukua 20, na kwa watu watatu inatosha na kubaki.

Na wewe ukienda kununua, fungua macho. Biti siyo baiti: gawa kwa 8, hivyo megabiti 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Ukiambiwa "bila kikomo", uliza ni baada ya matumizi kiasi gani wanapunguza kasi. Kifaa chenyewe kiweke katikati ya nyumba, maana kuta za zege zinakula mawimbi. Umeme ukikatika nacho kinazimika, kwa hiyo tafuta betri yake ndogo. Halafu bando dogo la akiba usiliache. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipopata hitilafu, intaneti iliyumba Afrika Mashariki, hata kwa wenye faiba zao sebuleni.

Alhamisi iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya usaili. Binamu kafika katikati ya maelezo yake, umeme huo, ukaondoka! Nikashika kichwa. Lakini betri ikabeba, na kompyuta ya kuazima nayo ilikuwa na chaji, binti akaendelea kumwaga sera kama hakuna kilichotokea. Pale mlangoni shangazi alikuwa kasimama na simu yake ya kitochi mkononi. Akaninong'oneza nimpigie. Nikapiga, ikaita. Akatabasamu, akaenda zake jikoni.

Majibu ya kazi bado tunayasubiri. Yakitoka nitakujuza. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.