Neno "Majimbo" katika Kiingereza cha Siasa: Ushahidi wa Pwani ya Kusini ya Kenya

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika Kiingereza cha siasa na kuzaa huko, "majimbo" lastahili kuangaliwa kwa makini. Asili yake haina utata: jimbo ni sehemu ya nchi yenye utawala wake, na wingi wake hufuata ngeli ya LI-YA. Kilichobadilika ni mwenendo wake lilipovuka. Katika mkutano wa Lancaster House wa 1962, chama cha KADU cha Ronald Ngala kilitetea serikali za mikoa. Na Kiingereza cha Kenya kikalitwaa neno hilo katika umbo la wingi, kikalifanya jina la dhahania lisilo na umoja wake, lenye kuchukua kitenzi cha umoja. Kiambishi ma- kikagandana na shina. Kisha likapachikwa kiambishi tamati cha itikadi, likawa "majimboism", na mfuasi wake "majimboist": mwana wa Kiswahili aliyevishwa koti la Kigiriki.

Katiba ya 1963 iliunda mikoa saba pamoja na eneo la Nairobi. KADU ilijivunja Novemba 1964, jamhuri ikatangazwa Desemba, na mfumo ukafa. Neno halikufa.

Liliporejea 1991 vinywani mwa wanasiasa wa KANU katika Bonde la Ufa, maana ilikwisha geuka: jimbo halikuwa tena eneo lenye utawala, bali eneo lenye wenyewe. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na ghasia zikaenea hadi Diani. Vipeperushi viliwataka "wabara" waondoke. Watu wakauawa, na maelfu wakahama. Hata hivyo, si haki kulitwika neno lawama yote. Malalamiko ya Wadigo juu ya ardhi, na juu ya ajira katika hoteli za ufuo, yalitangulia. Neno liliyapa jina, na wanasiasa wakalitia makali. Nchini Tanzania mpiga kura hutaja jimbo lake la uchaguzi pasipo yeyote kushtuka.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilipounda serikali 47 za mashinani, istilahi iliyoshika ilikuwa "ugatuzi", na Kwale ikawa "kaunti", neno la Kiingereza lililokuja kushika nafasi ya lile ambalo Kiingereza kilikwisha azima. Baadhi ya watangazaji bado husema "jimbo la Kwale".