CHAMBO KILICHOKATIKA SI TAKA
Namna ya kutengeneza chambo cha plastiki nyumbani

Wazee wa pwani husema, "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Wakulima wa skimu za makazi za Likoni, Kisauni na Changamwe wanayajua maneno haya kwa vitendo. Wengi wao hushika jembe asubuhi, wakapalilia mihogo na kunde, na jua likipungua huchukua mshipi wakashuka pwani kutafuta kitoweo. Wa Likoni hushukia Mtongwe. Wa Changamwe hushukia Port Reitz au Mkupe. Wa Kisauni huenda kwenye mkono wa bahari wa Tudor au ule wa Mtwapa. Akipatikana kolekole mmoja mzuri, watoto hula na kushiba, na fedha ya shamba haikuguswa.

Siku hizi baadhi ya wavuvi hutumia chambo cha plastiki laini kilichofanywa mfano wa samaki mdogo, kamba au ngisi. Faida yake ni kwamba hakiozi, wala hakitaki kununuliwa kila siku, na kikivutwa majini hutikisika kama kitu kilicho hai. Taabu yake ni kwamba hukatika upesi. Mzia hukata mkia kwa meno yake. Bunju humega kipande. Ndoana nayo hupasua pua ya chambo mpaka kisishike tena. Mvuvi hukitazama, hukitupa majini, kisha hufungua kingine kipya. Hapo ndipo hasara inapoingia.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mkulima huharibu vyambo 3 kila juma. Katika majuma 16 ya kaskazi, bahari inapokuwa tulivu na watu wanavua sana, atakuwa ametupa vyambo 48. Kama angalitengeneza nusu yake tu, angaliokoa vyambo 24. Msomaji na azidishe mwenyewe kwa bei ya dukani kwake, kisha aulize fedha hiyo ingaliweza kununua mbegu kiasi gani, au madaftari mangapi ya mtoto wa shule.

SI MPIRA

Watu wengi hukiita chambo hiki "mpira", na kwa sababu hiyo hudhani hakitengenezeki. Mpira wa gurudumu ukiuchoma huungua ukawa majivu na moshi, wala hauungiki kwa moto. Lakini chambo hiki kwa kawaida si mpira. Ni plastiki iitwayo PVC, ya jamii moja na ile ya mabomba meupe ya maji, ila hii imetiwa mafuta maalum ya kuilainisha. Kiwandani huwa kwanza kama uji mzito. Uji huo hupashwa moto kiasi cha digrii 170 hadi 180 za Selsiasi, humiminwa katika kalibu, nao ukipoa huwa chambo.

Ufundi huu si wa zamani sana. Mwaka 1949, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, Nick Creme na mkewe Cosma walitengeneza nyumbani kwao mnyoo wa plastiki laini wa kuvulia samaki. Kutoka hapo vyambo vya namna hiyo vimeenea duniani.

Jambo la kukumbuka ni hili: kitu kilichoganda kwa kupoa kinaweza kulainishwa tena kwa moto. Nyuso mbili za plastiki hii zikiyeyuka kidogo na kugandamizwa pamoja, huwa kitu kimoja. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi hii.

Kuna aina nyingine ya chambo ambayo si PVC. Utaitambua kwa kuivuta. Ikiwa hurefuka sana kama mpira wa manati bila kukatika, basi ni aina hiyo. Aina hii haishiki gundi vizuri, wala haifai kuchanganywa na ile ya kwanza, kwa maana zikikaa pamoja huyeyushana. Iweke mbali.

VITU VINAVYOTAKIWA

Huhitaji kununua vitu vingi. Tafuta hivi:

1. Kisu cha zamani chenye ubapa mwembamba, ambacho hakitatumika tena jikoni.
2. Spoki ya baiskeli au waya mgumu.
3. Wembe mpya.
4. Jiko dogo la makaa. Mshumaa pia hufaa, ila hutia kisu masizi, na masizi yakiingia katika kiungo hakitashika. Ukitumia mshumaa, pangusa kisu kila mara.
5. Kitambaa kikavu, sabuni, na bakuli la maji baridi.
6. Vipande vya vyambo vilivyokwisha kuharibika. Usivitupe, kwa kuwa ndivyo viraka vyako.

KAZI YENYEWE

Kwanza, osha chambo kwa sabuni na maji yasiyo na chumvi, uondoe utelezi wa samaki. Kisha kianike kivulini mpaka kikauke kabisa. Usifanye haraka hapa. Maji yakibaki ndani ya ufa hugeuka mvuke, na kiungo huwa na mapovu yasiyo na nguvu.

Pili, linganisha vipande viwili vinavyotaka kuungwa. Kama mahali palipokatika pamechakaa, pakate kwa wembe pawe safi. Ni bora kukata kwa mshazari kuliko kukata wima, kwa sababu mshazari hutoa uso mpana zaidi wa kushikana.

Tatu, pasha kisu moto. Kisiwe chekundu. Kijaribu kwanza juu ya kipande kibovu. Kisu kilicho sawa huyeyusha plastiki polepole ikang'aa kama asali. Kikitoa moshi, au plastiki ikigeuka rangi ya kahawia, kisu kimezidi moto. Kiache kipoe kidogo.

Nne, weka ubapa wa kisu katikati ya nyuso mbili, zote mbili ziguse kisu kwa wakati mmoja. Hesabu moja, mbili, tatu. Kisha chomoa kisu kwa upande huku ukisukuma vipande vikutane. Vishike bila kuvitikisa kwa muda wa nusu dakika. Ukivisogeza kabla havijaganda, kiungo kitafunguka ndani ingawa nje chaonekana kizima.

Tano, tia chambo katika maji baridi. Kikishapoa, kikaushe, halafu pitisha kisu cha moto wa wastani juu ya mshono ili uwe laini. Mshono wenye nundu humfanya samaki wa plastiki aogelee upande, na samaki wa kweli hamfuati.

Sita, kijaribu. Kivute kwa vidole viwili. Kikifunguka, rudia. Kisipofunguka, kazi imekwisha.

Kwa njia hii hii, chambo kisicho na mkia chaweza kupewa mkia wa chambo kisicho na kichwa. Rangi zikitofautiana si neno. Jambo la kuangalia ni unene: vipande viwe na unene mmoja pale vinapokutana.

PUA ILIYOPASUKA NA MKIA ULIOPINDA

Pua ndiyo inayoharibika kuliko sehemu nyingine, maana ndipo ndoana inapoingilia. Kwa ufa mdogo, pasha spoki moto, iingize ndani ya ufa kwa muda mfupi, ichomoe, kisha bana kwa vidole kutoka nje. Kama tundu ni kubwa, kata kijiti cha plastiki kutoka katika chambo kibovu, pasha tundu na kijiti, kisha kitie kijiti kama kizibo. Kikishapoa, kata kinachozidi. Unapotia ndoana tena, toboa mahali papya kando kidogo ya kizibo.

Chambo ambacho hakikukatika bali kimepinda hakihitaji kisu. Kitie katika maji yaliyoepuliwa jikoni kwa muda usiozidi dakika moja, kitoe kwa kijiti, kilaze kimenyooka, na kimwagie maji baridi. Kitarudi umbo lake.

Ukiwa mtumbwini huna moto. Hapo gundi ya supagluu hufaa. Kausha chambo kwa kitambaa, tia tone moja tu, shikanisha, ngoja ikauke. Ukitia nyingi chambo kitakuwa kigumu mahali hapo wala hakitatikisika. Tone jingine kati ya pua ya chambo na risasi ya ndoana litazuia chambo kisiteleze kila samaki anapokigonga. Jihadhari na vidole, maana gundi hii huganda ngozi kwa ngozi.

MOSHI NI SUMU

Hapa twamwomba msomaji asome mara mbili. Plastiki ya PVC ikizidi moto hutoa mvuke wa asidi unaowasha macho na kuumiza kifua. Kwa hiyo kazi hii ifanywe nje ya nyumba, upepo ukitokea mgongoni mwako. Usiifanye jikoni, wala chumbani wanamolala watoto. Mtoto mdogo, mama mjamzito na mtu mwenye pumu wakae mbali.

Usiyeyushe vyambo vingi pamoja katika sufuria ukitaka kumimina vipya. Kazi hiyo yataka vyombo vyake na kipimo cha joto. Plastiki iliyoyeyuka ikipata tone la maji hurusha cheche, nayo ikigusa ngozi hushika kama ulimbo na kuunguza chini kabisa. Mtu akiungua, mahali hapo pamwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Plastiki iliyoshika isibanduliwe kwa nguvu. Apelekwe zahanati.

NAMNA YA KUHIFADHI

Chambo kizuri kinaweza kuharibika kabla hakijaona bahari, kama kikiwekwa vibaya. Yale mafuta ya kulainisha hutoka kidogo kidogo, na yakigusa plastiki ngumu au rangi huilainisha. Ndiyo maana mtu huweka vyambo katika kisanduku cha plastiki, akija baada ya miezi miwili akakuta vimeshikana na kisanduku. Viache katika mfuko vilionunuliwa nao, au vitie katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Vilazwe vimenyooka. Vya rangi kali visikae na vyeupe, kwa kuwa rangi huhama. Visiachwe juani.

KISICHOTENGENEZEKA

Chambo kilichoungua, kilichokuwa kigumu, au kilichounganishwa mara nyingi hata hakitikisiki, kimefika mwisho wake. Hata hivyo usikitupe baharini. Plastiki hii haiozi. Samaki anaweza kuimeza, na tumboni mwake haiyeyuki. Mkononi mwa bahari kama wa Tudor, katika mizizi ya mikoko, ndimo samaki wengi wadogo wanamokulia. Anayechafua humo anaharibu ghala lake mwenyewe. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa sababu ya uchafu wa namna hii. Chambo kilichokufa kisichomwe pia, maana moshi wake ni ule ule wa sumu. Kiweke katika kopo pamoja na viraka vyako, na kopo likijaa lipeleke penye taka zinazokusanywa.

Na siku ambayo vyambo vyote vimekwisha, mkulima asikae nyumbani. Ana kuku. Chukua manyoya meupe marefu ya shingo ya jogoo, yafunge kwa uzi imara kwenye shingo ya ndoana, manyoya yaning'inie nyuma, kisha paka fundo rangi ya kucha lisifunguke. Chambo cha manyoya kilivutwa baharini na wavuvi wa nchi nyingi kabla plastiki haijajulikana, na hata leo kolekole hawakikatai.

Ndugu mkulima, chambo kimoja ni kitu kidogo. Lakini wahenga wamesema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Robo saa ya jioni moja, kisu kikuukuu na makaa machache yaliyobaki baada ya kupika vitakurudishia chambo ulichodhani kimekwenda. Jaribu kwanza kwa vipande vibovu, mkono uzoee, ndipo uguse kizuri. Mwenye swali juu ya uvuvi, leseni, au mahali panaporuhusiwa kuvua, na aende kwa kamati ya BMU ya bandari yake ndogo au kwa Afisa wa Uvuvi aliye karibu naye.