Tafsiri Iliyothibitishwa ya Hati za Kigiriki: Jina la Mtu na Dhamana ya Mfasiri

Wagiriki si wageni katika Katanga. Wakati wa ukoloni walifungua maduka hapa Lubumbashi, na wengine waliendesha biashara ya samaki huko Kasenga, kando ya mto Luapula. Baadhi yao waliacha watoto na wajukuu. Si ajabu basi mjukuu kuja na karatasi ya babu yake yenye herufi asizozijua, akiuliza: nani aweza kuitafsiri hata ofisi iikubali? Katika makala hii tunajaribu kujibu swali hilo, na kuonyesha mahali ambapo kazi hiyo huharibika mara nyingi, yaani katika jina la mtu.

1. Nani huthibitisha?

Kwa muda wa miaka mia moja, tangu 1921, tafsiri rasmi nchini Ugiriki zilitolewa na Idara ya Tafsiri ya Wizara ya Mambo ya Nje, mjini Athens. Idara hiyo ilifungwa mwaka 2021. Sheria namba 4781 ya mwaka huohuo iliweka badala yake daftari la wafasiri walioidhinishwa, ambamo mwananchi huchagua mfasiri mwenyewe. Mawakili nao wana haki ya kuthibitisha tafsiri kutoka lugha wanayoijua vizuri.

Tuelewe maana ya kuthibitisha. Mfasiri haapi kwamba hati ni ya kweli; hutia sahihi kwamba maneno yake yanalingana na maneno ya hati. Ukweli wa sahihi na mhuri wa hati yenyewe ni jambo jingine. Kati ya nchi zilizomo katika Mkataba wa La Haye wa 1961, jambo hilo huthibitishwa kwa cheti kiitwacho apostili. Ugiriki imo tangu 1985. Kongo haikuwa imejiunga hadi mwaka 2024; ndiyo sababu hati yetu iendayo Athens hupitia kwanza wizara zetu, kisha ubalozi. Afadhali mihuri hiyo itangulie na tafsiri ifuate, kwa kuwa mihuri nayo ni sehemu ya hati na hutafsiriwa.

2. Hati mbili, jina moja

Sisi husema tu «cheti cha kuzaliwa». Wagiriki wana hati mbili. Ya kwanza, lixiarchiki praxi, ni nakala ya tukio lenyewe jinsi lilivyoandikwa katika daftari la vizazi, ndoa na vifo. Ya pili, pistopoiitiko gennisis, hutolewa na manispaa kutoka daftari la raia wake. Mtu anaweza kuwa na ile ya kwanza bila kuwamo katika daftari la raia. Mfasiri akizipa zote mbili jina moja, anaficha tofauti ambayo pengine ndiyo inayoamua uraia wa mtoto.

3. Jina linapovuka herufi

Kigiriki hakina herufi moja ya sauti b, wala ya d. Sauti b huandikwa μπ, na d huandikwa ντ. Lakini herufi hizohizo huandika pia mb na nd. Sauti sh haina herufi kabisa. Chukua jina Kabamba: kwa Kigiriki huwa Καμπάμπα. Likirudishwa katika herufi za Kilatini kwa kanuni ya ELOT 743, itumikayo katika pasipoti za Kigiriki, huwa Kampampa. Ndala hurudi kama Ntala, na Shabani kama Sampani. Hakuna aliyekosea kanuni, lakini mtoto amepoteza jina la mama yake, na ofisi huona watu wawili mahali alipo mmoja.

Vilevile, binti wa Papadopoulos huitwa Papadopoulou. Hilo si kosa la kusahihishwa, ni sarufi ya jina la kike. Tena, tangu sheria ya 1983, mwanamke Mgiriki haachi jina la ukoo wake anapoolewa. Dawa ni kuandika, kando ya herufi za Kigiriki, jina kama lilivyo katika pasipoti, na kueleza tofauti kwa maandishi.

4. Hati za biashara

Mfanyabiashara hukuta vifupisho A.E., E.P.E. na I.K.E. Cha kwanza hukaribia SA yetu, cha pili SARL. Cha tatu ni namna ya kampuni iliyoanzishwa kwa sheria ya 2012. Kukaribia si kulingana. Mfasiri mwangalifu huacha kifupisho cha asili na kukieleza, asiihamishe kampuni ya Kigiriki katika sheria za OHADA.

Kwa kumalizia, wanafunzi wetu wa tafsiri wamezoea kusifu ufasaha. Katika hati, ufasaha hauna thamani kuliko uaminifu. Mwenye karatasi hawezi kuisoma. Ameweka jina la jamaa yake mikononi mwa mfasiri, na sahihi chini ya ukurasa ndiyo inayojibu kwa niaba yake.