Hovakrafti: chombo kilichoshinda kwa kasi, kikashindwa kwa gharama

Tarehe mosi Oktoba mwaka 2000, safari za hovakrafti kati ya Dover, Uingereza, na Calais, Ufaransa, zilifikia kikomo baada ya kuwavusha abiria baharini kwa miaka 32.

Chombo hicho kilivuka kwa takriban dakika 35, wakati feri ilihitaji saa moja na nusu. Mwaka 1995 hovakrafti Princess Anne ilivuka kwa dakika 22 tu.

Tabaka la hewa

Siri ya kasi hiyo ni hewa. Feni zenye nguvu huisukuma chini ya chombo, nayo huzuiliwa na sketi ya mpira inayozunguka ukingo. Chombo hunyanyuka, kikaepuka msuguano wa maji, huku rafadha zilizo juu zikikisukuma mbele.

Aliyebuni teknolojia hiyo ni mhandisi Mwingereza Christopher Cockerell, ambaye katika miaka ya 1950 alifanya majaribio kwa makopo mawili na kipulizia hewa.

Tarehe 25 Julai mwaka 1959, chombo cha majaribio, SR.N1, kilivuka kutoka Calais hadi Dover, miaka 50 kamili tangu Louis Blériot avuke hapo kwa ndege.

Safari za kibiashara za SR.N4, iliyobeba watu 254 na magari 30, zilianza katika mlango huo wa bahari Agosti mwaka 1968. Baadaye ilirefushwa ikabeba watu 418 na magari 60.

Mzigo wa gharama

Hata hivyo, injini zake nne, za aina itumikayo katika ndege, zilitumia mafuta mengi, na bahari ilipochafuka safari zilifutwa. Machi mwaka 1985, Princess Margaret iligonga ukuta wa bandari ya Dover, na watu wanne wakafariki dunia.

Mwaka 1994 ilifunguliwa njia ya reli chini ya bahari. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ukakomesha uuzaji wa bidhaa zisizotozwa ushuru kwa wasafiri wa ndani ya Umoja huo, na mapato ya kampuni za usafiri yakapungua.

Lakini hovakrafti haikutoweka. Tangu mwaka 1965, abiria huvushwa nayo kutoka Southsea hadi Ryde, katika kisiwa cha Wight, kwa dakika 10 hivi. Huko, maji yanapokupwa, mchanga mpana hubaki wazi, na feri hulazimika kutia nanga mbali, kwenye gati refu. Hovakrafti hupita juu ya mchanga huo hadi ukingoni mwa mji.