Baiskeli ya marehemu: kagua kabla hamjaiuza

Shamba la iliki tuligawana kwa nusu saa. Kilichotugombanisha baada ya arobaini ya baba, kule kwetu Amani, ni baiskeli: Raleigh nyeusi iliyoning'inia stoo. Mnunuzi kutoka Tanga mjini alikuwa ameshataja laki mbili na nusu, na kaka mkubwa alitaka aichukue siku hiyo hiyo.

Shangazi akakataa. "Kaka yangu ameshuka nayo Muheza na magunia ya iliki kabla ninyi hamjazaliwa. Hamjui hata ni ya mwaka gani, mtajuaje kama bei ni hiyo?"

Kweli hatukujua. Akaitwa fundi mzee wa baiskeli, akaja na matambara na mafuta ya taa.

Msomaji, wengi wetu hutazama nembo ya mbele, ile yenye kichwa cha ndege mwenye shingo ndefu, tukaridhika. Fundi hakuijali. Nembo ni kipande cha bati tu, hubanduliwa kikavishwa fremu yoyote. Yeye alianza na habu ya gurudumu la nyuma, kwa kuwa yetu ni ya gia tatu. Habu hizo ni za Sturmey-Archer, na nyingi zimegongwa mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Grisi ilipotoka tukasoma AW, kisha 56, kisha 4. Aprili 1956!

Kaka akashangilia. Fundi akamtuliza: "Huo ni umri wa habu, mwanangu. Gurudumu huhama."

Akaenda kwenye sproketi kubwa ya krenki. Ya Raleigh imekatwa vichwa vya ndege yule yule. Juu ya foki akatuonyesha mabega mawili ya mviringo, akasema waigaji wengine nao huyaweka. Kilichomridhisha kilikuwa ndani, penye gololi za krenki. Nottingham, Uingereza, walichonga nyuzi zao 26 kwa kila inchi, wakati viwanda vingi vilichonga 24. Alijaribu bakuli la kawaida kutoka kwenye sanduku lake, likagoma kuingia. Hapo ndipo alipotabasamu.

Si kwamba Raleigh isiyo ya Nottingham ni bandia. Miaka ya 1950 Sen-Raleigh ilizitengeneza India, huko Asansol, kwa ubia halali. Ila wanaokusanya vitu vya zamani hupendelea za Uingereza, na kiwanda cha Nottingham kiliacha kuunganisha baiskeli mwaka 2002. Hata Wamarekani wana tabu yao: Schwinn ya Chicago ilitoa Black Phantom mwaka 1949, na mwaka 1995 jina hilo hilo likatoa nyingine ya kufanana nayo. Asiyejua hulipia ya babu akapewa ya mjukuu.

Yetu nayo ilikuwa na mchanganyiko. Tandiko si lake, na madigadi ya nyuma yametoka kwenye Phoenix ya China. Breki za vyuma ni zenyewe, ingawa mteremko wa Amani umekula mipira sijui mara ngapi. Namba ya fremu haijasagwa. Ingekuwa imesagwa, fundi alisema, angetushauri tusiiguse kabisa, maana huenda ni ya wizi.

Kosa kubwa lilikuwa karibu kutokea. Kaka alishanunua kopo la rangi nyeusi "ili ipendeze kwa mteja". Fundi alilichukua akaliweka mbali. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa imekwaruzika, na ile mistari yake ya dhahabu iliyofifia, ndiyo anayoitafuta mkusanyaji. Ukishapaka juu yake, umeifuta. Kwa ukungu wetu wa huku, pakaa mafuta kidogo penye kutu, basi.

Tulimpigia mnunuzi tukamweleza tulichokiona. Akapanda hadi laki nne, halafu akauliza kama tungemuuzia habu na krenki peke yake. Shangazi akasonya, simu ikakatwa.

Tuko watoto watano, tukakubaliana sawa kwa sawa kwa bei hiyo ya laki nne. Mdogo wetu wa mwisho ameichukua, anatulipa sisi wanne elfu themanini kila mmoja, kidogo kidogo kila anapouza iliki. Mimi ameshanipa elfu thelathini. Kopo la rangi tulipakia mlango wa choo.